Jumamosi Tulizomng'oa Karani

Mwaka ambao mama alimfuata baba kaburini, miwa ilikuwa imefika mlangoni mwetu. Sitii chumvi. Jirani wa upande wa juu alikuwa amepanda hadi nyuma ya choo chetu, na jirani wa upande wa chini alikuwa ameng'oa migomba yake yote ili aongeze mistari mitatu. Ilikuwa miaka ya sukari. Aliyekuwa na kipande cha ardhi alikuwa na miwa, na aliyekuwa na miwa alikuwa na mabati mapya, redio na sauti kubwa. Matrekta yalipita kutwa yakivuta matrela yaliyojaa pomoni, na barabara nzima ilinuka maji ya miwa yaliyoanza kuchacha.

Sisi hatukuwa na miwa. Baba alituachia ukanda wa shamba ulioteremka kutoka barabarani hadi kwenye kinamasi, mwembamba kiasi kwamba trekta lingeingia lisiweze kugeuka. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, mama alipoanza kuugua, na nyuma yangu walikuwako wanne: wasichana wawili na wavulana wawili, wa mwisho akiwa bado na meno yake yote ya utoto.

Siku za matanga zilipokwisha, baba mdogo, ndugu yake baba, alituketisha chini ya ukuta wa nyumba akatueleza mpango. Msichana mdogo angeenda kwa shangazi kule Mukumu. Wavulana wangeenda kwake. Dada yangu anayenifuata angetafutiwa kazi ya nyumbani kule Shirere. Mimi, alisema, nilikuwa na umri wa kuolewa.

"Mwana wetu, mimi si mtu mbaya," alisema. "Lakini watoto watano hawawezi kula huruma."

"Nipe nafasi, baba," nikamwambia. "Mama alinifundisha vyungu."

Alinitazama mikono kwa muda. "Sawa. Udongo ukiwapo na mikono ukiwa nayo, kaeni. Siku utakaposhindwa kuwalisha nitakuja kuwachukua, na usinililie."

Basi tuliishi kwa udongo. Ulikuwa kule chini kinamasini, karibu na chemchemi ambako mtaa mzima uliteka maji: shimo moja pana, na ndani yake udongo wa kijivu, laini kama samli, ambao wafinyanzi wanane waliuchimba kwa zamu. Wote walikuwa wanawake. Mwanamume hakukanyaga shimo hilo. Ilisemwa kwamba akikanyaga, vyungu vitapasuka motoni. Niliuchimba asubuhi, nikaukanyaga na wadogo zangu juu ya ngozi kuukuu ya ng'ombe, nikachanganya mchanga, nikajenga chungu duara juu ya duara na kukilainisha kwa kipande cha kibuyu. Miwa ya majirani ilitusaidia kwa jambo moja tu: majani makavu ya kuchomea vyungu yalikuwa ya bure, kila mahali.

Vyungu vya maji na vya mboga viliuzwa polepole, kwa sababu watu wenye pesa mpya walitaka sufuria. Ndipo siku moja, mjini Kakamega, mke wa karani mmoja wa Amalemba akaniuliza kama ninaweza kufinyanga vyungu vya maua. Nikampelekea vitatu. Barazani kwake palikuwa na mmea wenye majani mazito yanayong'aa, mashina yenye pingili, na viua vidogo vya zambarau. Uliteremka kutoka kwenye debe hadi sakafuni kama nywele.

"Chungu chako kikiwa kitupu, nani atajua ni cha maua?" aliniambia. Akakata mashina manne, akayafunga kwa gazeti lililoloweshwa. "Chomeka hivi tu. Lakini usiache vikauke. Hivi vinakunywa maji kama punda."

Alisema kweli. Vyungu vyenye mmea vilinunuliwa kabla sijavipanga vyote. Wake wa walimu, wa makarani, wa maaskari, wote walitaka. Muhula huo wadogo zangu wote walienda shule wakiwa na sare. Mbegu yenyewe, yale mashina ya kuchomeka, niliiweka pembeni mwa kinamasi, ndani ya chungu kilichopasuka, kwa sababu pale haikuhitaji kumwagiwa maji. Zilizozidi nilizitupa tu kandokando. Mvua ilipokuja maji yakapanda, na niliporudi chungu kilichopasuka kilikuwa kitupu. Sikujali. Nilikuwa na mbegu nyingine nyumbani.

Mwaka mmoja baadaye kuku wetu alivuka kinamasi kwa miguu. Nilimwona kwa macho yangu. Alitoka upande wetu, akatembea juu ya yale majani akidonoa wadudu, akafika ng'ambo bila kulowa ukucha. Yaliyokuwa maji na mafunjo yalikuwa sasa zulia moja la kijani kibichi, zito, linalong'aa, lenye viua vya zambarau.

Watu waliupa mmea ule jina: Karani. Mcheshi mmoja alisema umekuja wakati wa sukari, umeketi mahali pazuri, umenenepa, na hakuna anayejua unafanya kazi gani. Kila mtu alicheka. Mimi pia nilicheka, lakini nilijua ulitoka barazani kwa karani yupi.

Kicheko hakikudumu. Chemchemi ilianza kunuka. Mbu walizidi. Mafunjo yalikosa pa kuchipua. Na shimo la udongo lilijaa mizizi myeupe kama nyuzi, hata udongo ulipotoka ulikuwa na nywele. Chungu chenye nywele hakiwezi moto. Nyuzi zinaungua ndani, zinaacha njia, na maji yanapita. Kati ya vyungu kumi nilianza kutoa vinne vizima, kisha viwili.

Mwanzoni mwa Desemba naibu wa chifu aliitisha baraza. Jirani yetu wa juu, yule wa miwa nyuma ya choo, alisimama wa kwanza.

"Kinamasi kimekufa," alisema. "Tusidanganyane. Tuchimbe mtaro katikati, maji yaende mtoni, na kila mtu ateremshe miwa yake hadi chini. Huko udongo ni mweusi. Muwa utakuwa kama paja la mtu."

Watu walinong'ona kwa kupenda. Mfinyanzi mmoja mkongwe, ambaye mtaa mzima ulimwita kukhu, yaani nyanya, aliuliza: "Na maji ya kunywa?"

"Kukhu, utakuwa na pesa. Utachimba kisima chako."

"Kwa meno yangu haya mawili?"

Naibu wa chifu alisubiri kicheko kiishe. Kisha akaamua: kama mvua kubwa itaanza na hakuna mtu aliyekishughulikia kinamasi, trekta la mtaro litaingia. Nilihesabu kichwani. Desemba hii, Januari, Februari, labda wiki mbili za Machi. Baba mdogo alikuwa ameketi mstari wa nyuma. Aligeuza shingo tu, akanitafuta kwa macho hadi akanipata.

Jumamosi iliyofuata niliteremka na panga. Sikumwita mtu. Niliingia maji hadi magotini nikaanza kukata. Saa sita nilikuwa nimesafisha mahali panapotosha kulaza ng'ombe mmoja. Jumamosi ya pili wadogo zangu wakaja, na tulipokuwa tukihangaika, kukhu alisimama ukingoni na kikapu chake.

"Mwana wangu," aliita, "unamnyoa Karani ndevu?"

"Namtoa, kukhu."

"Mtu hatolewi kwa kunyolewa. Ngoja nikuletee watu."

Aliyemleta alikuwa mwanawe, nyapara wa kikosi cha wakata miwa, mtu mpana, mpole, mwenye kovu la panga kwenye ugoko. Alikitazama kinamasi kama alivyozoea kulitazama shamba, kutoka kona hadi kona.

"Dada, wewe unapigapiga maji tu," alisema. "Hii ni kazi ya laini, mstari kwa mstari. Sisi tunakatanga shamba kubwa kuliko hili kabla ya chai."

Na kweli alikuja na kikosi chake Jumamosi baada ya kazi, wanaume ishirini na kitu, bado weusi kwa masizi ya miwa. Hakuna aliyelipwa. Kukhu aliwapikia uji wa wimbi, na nadhani wengi walikuja kwa sababu nyapara wao alikuja. Alivuta kamba za katani kutoka ukingo hadi ukingo, akagawa laini, kila mtu yake. Laini zilizopita kwenye shimo la udongo walipewa wanawake wafinyanzi waliokuja na kukhu, na hapo ndipo mashindano yalipoanza.

"Nyinyi mnakata au mnasuka?" wanaume waliuliza.

"Sisi tunakata," mmoja wetu alijibu. "Nyinyi nyapara akiwageuzia kisogo mnaegemea panga."

Tulikata kwa ustadi. Hilo lazima niliseme, kwa kuwa ndilo lililotuponza. Kila mtu pale alikuwa amefundishwa na miwa. Tulikata chini kabisa, kwa pigo moja safi, bila kuchana shina. Mashina tuliyalaza kwa safu zilizonyooka, kila laini nne safu moja, kama wanavyolaza majani makavu shambani. Baada ya Jumamosi nne maji yalionekana. Mafunjo machache yalisimama yakipepea. Nyapara alipanguza panga lake kwenye suruali na kusema kwamba kama msimamizi wa kiwanda angeona safu zile, angelia kwa furaha. Tuliimba tukipanda kilima. Usiku huo nililala bila kuota.

Katikati ya Januari ilinyesha mvua moja ya alasiri, yenye mawe, isiyotarajiwa. Siku tisa baadaye nilienda kuteka maji, nikaona kijani.

Karani alikuwa amechipua. Kila kisiki tulichokikata kilikuwa na vichipukizi vitatu au vinne, vinono. Lakini hilo silo lililonifanya nitue mtungi chini. Zile safu zetu zilizonyooka, mashina yale tuliyoyalaza kwa adabu juu ya tope, yote yalikuwa yametoa mizizi kwenye kila pingili. Yalisimama kwa mistari. Sijawahi kuona shamba lililopandwa vizuri vile.

Nilimwita kukhu, na kukhu akamwita mwanawe. Nyapara aliinama, akaokota shina moja, akaligeuza mkononi. Kwenye kila pingili palikuwa na uvimbe mdogo wa kijani.

"Macho," alisema. "Ina macho kama mbegu ya muwa." Akaketi pale pale kwenye majani yenye umande. "Sisi ni wajinga. Tumekata chini ili uchipue vizuri. Kisha tukapanda."

"Na kwa laini," kukhu akaongeza. "Tumemlimia Karani shamba, tukampa na mvua."

Habari ilifika barabarani kabla yetu. Jirani wa juu alicheka hadi akashika ukuta. Akatuuliza tutavuna lini, na kama kiwanda kimeshatuandikia mkataba. Wakataji wengi waliona aibu, na mtu mwenye aibu hutafuta wa kumlaumu. Jumamosi iliyofuata tulikuwa kumi na mmoja tu, wadogo zangu wakihesabiwa. Hatukuingia majini. Tulisimama ukingoni kama watu waliokuja kwenye mazishi kabla ya jeneza.

"Mimi ningependa kujua kitu kimoja," mkataji mmoja alisema. "Nani alituletea huu uchafu?"

Nilikuwa nimeibeba ile siri zaidi ya mwaka. Niliwatazama wadogo zangu, wamevaa sare zilizonunuliwa na Karani mwenyewe. Nikawaza kwamba nikisema, mtaa utanichukia, hakuna atakayerudi, na baba mdogo atakuwa na sababu mbili badala ya moja. Lakini nisiposema, nitakuwa nawaomba watu wavunje mgongo wao juu ya kosa langu bila wao kujua. Sikuweza.

"Ni mimi," nilisema.

Nikawaeleza yote: Amalemba, mashina manne kwenye gazeti, vyungu vya maua, chungu kilichopasuka.

"Ndiyo maana ulianza peke yako," kukhu alisema.

Aliyeuliza swali alitema mate pembeni. Nilingoja aondoke. Lakini nyapara alinitazama kwa namna nyingine kabisa, kama fundi anayeona chombo alichokitafuta siku nyingi.

"Kwa hivyo wewe ndiye mkulima wake," alisema. "Umemlima, umemuuza. Mimi namjua muwa. Najua unapenda nini na unakufaje. Huyu anakufaje?"

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, na mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza. Nilifunga macho nikapita sokoni kimawazo, pote nilipoweka vyungu. Vilivyonifia ni vipi? Nikakumbuka viwili nilivyovisahau juu ya paa la bati la kibanda, wiki nzima ya jua. Mashina yalikuwa yamegeuka kahawia, na nilipoyakunja yalivunjika kama njiti za kibiriti. Niliyachomeka tena kwenye udongo, nikayamwagia maji kwa siku nyingi. Hayakurudi. Nikakumbuka na maneno ya yule mama: usiache vikauke.

"Anakufa kwa kukauka," nilisema. "Kukauka hasa, mahali ambapo hagusi udongo. Akigusa udongo hata kwa pingili moja, yuko hai."

Nyapara aligeuka taratibu, akatazama juu ya kilima. Wote tuligeuka. Huko, kati ya miwa na barabara, uko mwamba mkubwa ulio bapa, ambao familia zote huanikia mahindi na muhogo. Saa saba mchana huwezi kusimama juu yake bila viatu.

Hivyo ndivyo tulivyoanza upya, na huo ndio mwanzo ninaouhesabu. Nyapara alipiga marufuku panga. Aliagiza yaachwe ukingoni, yote, na wakataji wakaingia majini wakiwa hawajui waweke wapi mikono. "Najisikia uchi," mmoja alilalamika, na wanawake wakamwambia asiwaonee haya, hapakuwa na kipya cha kuona. Tulijifunza kuutafuta mzizi kwa vidole vya miguu, kuufuata hadi mwisho, kisha kuulegeza kwa mkono na kuvuta pole. Ukingoni tulilikunja zulia lile kama mkeka, watu sita wakisukuma kwa pamoja. Tuliweka kila kitu kwenye magunia, tukapanda nacho hadi mwambani, tukakianika, tukakigeuza, na kilipokauka hadi kuvunjika tukakichoma pamoja na majani ya miwa.

Kukhu aliketi katikati ya njia na fimbo. Kazi yake ilikuwa kutazama chini.

"Wewe! Rudi. Umeangusha mtoto wake."

"Kukhu, ni jani tu."

"Jani lina shina. Okota."

Wadogo zangu walikuwa na kazi iliyowafaa wao kuliko mtu mzima yeyote. Walielea juu ya vigogo vya migomba, wakikusanya vipande vilivyokatika kwa ungo na chekeche la unga. Dada yangu mdogo, mwenye miaka tisa, aliweza kuona pingili moja juu ya maji kutoka mbali kama mwewe.

Jumamosi ile ya kwanza tulikuwa kumi na mmoja. Ya pili, kumi na wanane. Wale wakataji waliokimbia aibu walipita njiani wakaona moshi mwambani, wakaona kwamba safari hii hakuna kinachochipua, wakarudi mmoja mmoja wakijifanya wamekuja kutafuta mbuzi aliyepotea. Waliosali Jumamosi walituma ujumbe kwamba wasiachwe nje, wapewe laini zao Jumapili asubuhi, nasi tukifika alasiri kutoka kanisani tulizikuta zimeng'olewa safi. Vijana waliopanga vyumba Shirere walisikia, wakaja kwa miguu wakiwa na viatu vya mpira vya kuazima. Hakuna aliyekuwa na karatasi ya majina. Ulijua nani alikuja kwa kutazama nani ana tope.

Februari ilipoisha lilibaki shimo la udongo. Karani alikuwa ameshuka mle ndani zaidi ya mahali popote, na sisi wanawake hatukutosha. Mawingu yalianza kujipanga kila alasiri upande wa msitu. Kukhu alisimama ukingoni mwa shimo, akawaita wanaume.

"Ingieni."

Walitazamana. "Kukhu, vyungu vitapasuka," nyapara alisema.

"Vikipasuka nitafinyanga vingine. Udongo ukiisha nitafinyanga nini? Ingieni, na mtu asikohoe mle ndani."

Waliingia suruali zimekunjwa, wakitembea kwa hadhari kama watu waliochelewa kanisani. Ilitubidi Jumamosi mbili nzima na siku tatu za katikati. Mizizi ilitoka mirefu kuliko mtu. Siku ya mwisho nyapara alipenyeza mkono hadi begani, akautoa na donge la udongo wa kijivu lisilo na uzi hata mmoja, akanikabidhi. Nililigawanya mara mbili kwa vidole. Lilikatika safi. Nilimpa mgongo, nikajifanya nalinusa, ili asinione uso.

Nilifinyanga kumi, nikavikausha kivulini, nikavichoma mchana, mtaa mzima ukiwa umesimama kwa mbali kusikiliza kama kitu kitapasuka. Motoni hapakusikika mlio hata mmoja. Vyote kumi vilitoka vizima, vyekundu. Kukhu alivigonga kwa ukucha kimoja kimoja, na kila kimoja kililia kama kengele.

Baraza liliitishwa pale pale kinamasini, siku moja kabla ya mvua kushuka. Naibu wa chifu alivua viatu na soksi, akaingia hadi chemchemini, akateka maji kwa viganja, akanywa. Alikunywa mara ya pili. Watu walipiga makofi kana kwamba amefunga bao.

Jirani wa juu hakukubali kushindwa kimya. "Leo ni safi," alisema. "Lakini Karani atarudi. Huyu msichana mwenyewe ndiye aliyemleta. Atarudi, na tutakuwa tumepoteza msimu wa kupanda."

Watu wote wakanigeukia. Sikuwa nimewahi kusema mbele ya baraza kabla ya siku hiyo.

"Ni kweli nilimleta. Na ni kweli atarudi," nilisema. "Nasi tutarudi Jumamosi."

"Na Jumamosi nyingine?"

"Na hiyo pia."

"Mpaka lini?"

"Baba, wewe muwa wako unaupalilia mpaka lini?"

Kicheko kilianzia kwa wakataji, kikaenea hadi kwa naibu wa chifu, ambaye ilimbidi atazame upande mwingine. Akasema mtaro hautachimbwa. Kinamasi kitabaki cha maji, cha mafunjo na cha udongo, na atakayetaka kupanda miwa humo amwendee yeye kwanza, kisha aende kwa kukhu.

Sikusikia mengine. Nilikuwa namtafuta baba mdogo kati ya vichwa, na sikumwona.

Jumamosi iliyofuata mvua ilikuwa imenyesha kwa siku nne. Nilichelewa kuteremka kwa kuwa kuni zilikuwa mbichi na uji ulikataa kuiva. Wadogo zangu walitangulia. Nilipofika kwenye kona ya miwa nilisikia kelele, nikaona watu wameshaingia, wengi kuliko nilivyowahi kuwaona, wameinama katika laini bila kamba yoyote, wakitafuta vichipukizi vilivyofufuka. Hakuna mtu aliyekuwa amewaita.

Kwenye laini ya mwisho, upande wa mafunjo, alikuwa baba mdogo. Suruali yake nzuri ilikuwa imekunjwa hadi mapajani, na miguu yake ilikuwa myeupe na myembamba, miguu ya mtu asiyezoea maji. Alikuwa ameshika shina kwa mikono miwili na kulivuta kama anayemkokota ndama. Likakatika, akakaribia kuanguka kwa kisogo. Mdogo wangu wa mwisho, yule ambaye alikuwa amchukue, alikuwa kando yake, maji yakimfika kiunoni.

"Sivyo, baba," alimwambia, kwa sauti ile ile ambayo nyapara alitumia kwetu. "Usivute kwa nguvu. Tafuta kwanza kwa kidole cha mguu."

Baba mdogo aliinua macho akaniona. Alikunja uso, akalitumbukiza guu lake topeni, akaanza kutafuta.

"Hapo," mtoto alisema. "Umeupata. Sasa njoo nao polepole."